Kijiti cha Mama Vifungo

Nyumba ile ilikuwa na mafundi wawili, lakini jina la ufundi lilikuwa la mmoja tu. Mume alitengeneza redio, simu, kompyuta na kila kitu chenye waya, na mtaa mzima ukamwita Fundi. Mke alishona nguo, miaka thelathini na moja sasa, wakamwita Mama Vifungo kwa sababu ya chupa za vifungo alizozipanga dirishani. Chumba cha mbele kilikuwa cha mume na vyuma vyake. Cherehani ya mke ilikaa barazani, mlangoni kabisa, kwa hiyo kila mgeni alimfikia yeye kwanza. Anamkuta na futi shingoni, pini mdomoni, suruali ya mtu mapajani, na bado anamwuliza, "Fundi yupo?" Naye hujibu na pini zake mdomoni, "Yupo ndani, pita."

Mkimwuliza atawaambia alikwisha zoea. Msimwamini. Kwanza, yeye alikuwa mtu wa kujivunia kazi yake, mshono wake hata ukiupigia rula haupindi. Pili, lilikuwapo neno. Zamani, binti yao akiwa bado mchanga, Fundi aliwaambia wageni huku akicheka, "Mke wangu ana mkono wa dhahabu. Kufikiri niachieni mimi." Wageni wakacheka, mke naye akacheka, akaenda kuongeza chai. Fundi alisahau kabla chai haijapoa, maana hakuwa mtu mbaya. Hakuna siku aliyomnyanyulia mkewe sauti. Lakini neno lile lilimkaa mke kama mwiba wa samaki kooni. Halimzuii mtu kula, ila kila akimeza analisikia.

Ugonjwa wa Fundi ulikuwa mmoja tu: vidude. Kuna watu ukiwapa shati wanashukuru, ukiwapa saa wanashukuru, lakini ukiwapa kitu kisichofunguka, hapo ndipo umewapa zawadi. Binti yao, mwalimu wa hesabu aliyefanya kazi mji mwingine, alilijua hilo, na kila siku ya kuzaliwa ya baba yake alikuja na kipya. Aliwahi kuleta mchemraba wa rangi, ule wa kuzungusha mpaka kila upande uwe na rangi moja. Ukapangika kabla ya chakula cha mchana. Akaleta pete za chuma zilizosokotana. Dakika kumi na nane kwa saa ya ukutani. Akaleta kisanduku cha mbao chenye droo ya siri, baba akaipata droo, kisha akaipiga msasa kwa kuwa aliona inakwama. Roboti ndogo inayotembea kwa jua haikupewa hata nafasi ya kutembea. Alianza kwa kuipasua tumbo, na alipoirudishia ikawa inakwenda kinyumenyume, akasema hivyo ndivyo bora.

Vyote hivyo vilipangwa kwenye rafu aliyoiita ya walioshindwa. Na sheria zake za mchezo zilikuwa tatu: huvunji, hukati, huonyeshwi jibu.

Mwaka huo binti alipiga simu mapema. "Mama, mimi nimeishiwa. Safari hii zawadi itoke kwako."

"Mimi nijue nini mambo ya vidude?"

"Kwani nani anamjua Baba kuliko wewe?"

Mama Vifungo akaweka simu chini, akaitazama cherehani yake. Akili ni nywele, alijisemea, kila mtu ana zake, na zangu sijazinyoa.

Alihangaika asubuhi tatu na vipande vya kitambaa, na ya tatu akapata. Alichukua kijiti cha urefu wa sentimita kumi na tano, akakitoboa ncha moja, akafunga hapo kitanzi cha uzi mnene. Kitanzi chenyewe kilikuwa kifupi kuliko kijiti. Kisha akakining'iniza kijiti kwenye tundu la juu la koti la kazi la mumewe, lile la buluu. Ukitazama unaona uzi umepita kwenye tundu la kifungo na kujifunga kwenye kijiti chake. Ili kukitoa, ni lazima kijiti kipite ndani ya kitanzi, na hakipiti, kwa kuwa kitanzi ni kifupi. Siri yote ilikuwa kwenye kitambaa. Ukikikusanya kile kitambaa cha kando ya tundu, ukakivuta kupitia kitanzini kama mtu anayegeuza mkanda ndani kuwa nje, kijiti kinapata nafasi, kinarudi tunduni kilikotoka. Hakuna mshonaji asiyegeuza mkanda kila wiki. Alifanya hivyo mwenyewe mara kumi, akaliangika koti msumarini.

Siku ilipofika, binti alikuwa amekuja. Baba akavaa koti, akanywa chai, akaanza kutazama huku na huku kama mtoto.

"Zawadi yangu iko wapi?"

"Umeivaa," mkewe akamwambia.

Fundi akashika kijiti, akakivuta, akacheka. "Hiki tu? Dakika tano." Akatupa jicho kwenye saa ya ukutani.

Dakika tano zikapita, chakula cha mchana kikapita, binti akaaga akarudi kazini kwake, na kijiti kingali pale pale. Kesho yake Fundi alifanya kazi kikimning'inia kifuani. Mteja mmoja aliyeleta redio alijaribu naye, akahangaika nusu saa, akaondoka bila kueleza redio ina tatizo gani. Jioni akapima na kuandika daftarini: kitanzi sentimita kumi na mbili, kijiti kumi na tano, haiwezekani. Akalipigia mstari neno la mwisho. Siku ya tatu akavaa ile lenzi yake ya jicho moja akakikagua kijiti, asije akawa amefichiwa kiungo.

Siku ya nne Mama Vifungo alichungulia chumba cha mbele, akaona jambo ambalo hatalisahau. Fundi alikuwa amelibana koti kwenye jiliwa, lile bano la chuma la kukamatia vyuma visicheze. Kifua cha koti kilikuwa kimenyooka kama ngozi ya ngoma. "Nataka litulie," alieleza bila kuinua kichwa. Mkewe akauma futi, akatoka hadi uani, akacheka mpaka akashika ukuta.

Kicheko kilikwisha siku ya tano, mezani.

"Nimeligundua," Fundi alisema. "Ulitia kijiti kwanza, tundu ukalishona baadaye. Huo ni mkono, Mama. Si fumbo."

Ule mwiba wa kooni ukachoma upya. "Tundu lile nililishona miaka minne iliyopita," alijibu taratibu. "Tazama uzi ulivyopauka."

Akaenda akautazama. Ulikuwa umepauka. Akarudi mezani, akaendelea kula.

Hapo Mama Vifungo alikuwa na neno mdomoni na koti lilikuwa hatua sita kutoka alipokaa. Angeweza kulichukua na kumaliza kazi kwa pumzi mbili. Lakini mtu aliyeonyeshwa husema "kumbe ni hivyo tu," na miaka thelathini na moja yake ingeishia hapo. Tena alikuwa na hofu nyingine, kwamba mumewe atakata tamaa, koti litundikwe, na ile kauli ya mkono ibaki kuwa ndiyo ya mwisho. Akajikaza. Akatoa vyombo.

Siku ya sita umeme ulikatika tangu asubuhi. Vyuma vya Fundi vikalala, lakini cherehani ya mguu haina habari na umeme, kwa hiyo barazani kazi iliendelea. Fundi akazunguka, akapanga bisibisi zilizokwisha pangwa, mwishowe akabeba kigoda akaja kukaa karibu na mkewe. Hakuwahi kukaa hapo tangu binti alipoanza shule.

Mama Vifungo alikuwa na gauni la mteja, lililobakiza mkanda. Alikuwa ameushona ukawa kama mfereji mwembamba, upande mbaya ukiwa nje. Akaukusanya kwa vidole, akaupitisha ndani yake wenyewe, akavuta. Mkanda ukajigeuza, upande mzuri ukajitokeza.

"Rudia," Fundi akasema.

Akaurudisha, akaugeuza tena.

"Umepitaje? Kitambaa ni kipana kuliko tundu lake."

"Kitambaa kina upana kikilazwa, Baba. Ukikikusanya, kinapita popote."

Fundi akainuka, akaingia ndani. Mama Vifungo hakugeuka. Alisikia mkono wa jiliwa ukilia, ukizungushwa kufunguliwa, kisha hakusikia kitu tena. Akaendelea kukanyaga pedali, ingawa sindano haikuwa na nguo chini yake.

Kijiti kikawekwa juu ya meza ya cherehani, na kitanzi chake.

"Siku sita," Fundi alisema. "Na mimi nikakibana kitu kilichotaka kuachiwa." Akakaa tena kigodani. "Hili halikuwa la mkono, Mama. Hili ulilifikiri."

"Zamani uliwaambia wageni kufikiri uachiwe wewe."

"Mimi?"

"Wewe. Nami nikakuongezea chai."

Fundi alijaribu kukumbuka, akashindwa, na kule kushindwa kukamwumiza kuliko kijiti. "Nilikosea," alisema. "Nimekosea miaka mingi, na wewe umeninyamazia." Koo la mkewe lilikuwa jepesi, naye alikuwa na furaha ambayo hakutaka kuigusa kwa maneno. Akamsukumia ncha ya pazia refu lililofuata kwenye foleni, akamwambia alishike lisiburute chini.

Alikuwa amelishika hivyo, kwa mikono miwili, macho yake yakifuata vidole vya mkewe, mtu alipobisha hodi. Alikuwa kijana wa dukani, na simu iliyopasuka kioo.

"Shikamoo Mama. Fundi yupo?"

Kabla Mama Vifungo hajafungua mdomo, mumewe akajibu yeye.

"Fundi yupi? Humu tuko wawili."

Kijana akamtazama huyu, akamtazama yule. "Wa... wa simu."

"Huyo ni mimi. Kaa usubiri kidogo, namshikia fundi mwenzangu kitambaa."

Mshono wa Mama Vifungo ukapinda shibiri nzima. Akasimamisha cherehani, akachukua wembe, akaanza kuufumua, uzi mmoja mmoja, bila haraka yoyote.