Karatasi Mbili za Mwalimu Tong

Zamani mtu akiingia kwa mwenzake akakuta maandishi yametundikwa ukutani alinyamaza kwanza akayatazama, siku hizi anainua simu, anayapiga picha, kisha anauliza neno la siri la waifai. Kuang Zhixian aliziishi nyakati zote mbili, na hii ya pili alikuwa ameizoea kama mtu anavyozoea jino bovu.

Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa mwasha boila wa kiwanda cha hariri, katika mji mdogo wa mifereji kusini mwa mto Yangtze. Shule aliiacha akiwa na miaka kumi na miwili. Kidogo alichokijua alikipata kwa Tong Huaiqing, mwalimu mstaafu aliyekuwa akija chumba cha boila kila majira ya baridi kuota moto, kwa sababu chumba chake mwenyewe kilikuwa na baridi kuliko nje. Tong alitandaza magazeti ya zamani juu ya pipa, akasaga wino, akaandika kwa burashi. Kuang alisimama kando na koleo lake la makaa, akitazama.

"Hiyo inasemaje, Mwalimu?" aliuliza siku ya kwanza.

"Nani kakuambia usome?" Tong alimjibu bila kugeuka. "Ukimwona mtu anapita barabarani, unamsoma? Si unaangalia anavyotembea! Tazama hapa, amekanyaga kwa kisigino. Hapa anaburuza mguu. Hapa kaona dimbwi, karuka."

Ndivyo alivyofundishwa. Unainua kidole, unaifuata burashi hewani tangu inapogusa karatasi hadi inapoiacha, polepole pale mstari uliponenepa, upesi pale ulipokonda. Halafu unaigeuza karatasi kichwa chini ili maana isikusumbue, unatazama weupe uliobaki katikati ya wino, maana mwandishi mbovu hujua kuandika weusi tu. Halafu unatafuta mahali wino ulipoanza kumkaukia naye akakataa kuchovya tena. Hapo nywele za burashi huachana, na karatasi huchungulia katikati kama uwanja uliofagiwa kwa fagio la vijiti. Ukishachoka kabisa, ndipo usome, kama bado unataka. Kuang alikaa miaka minne bila kuona chochote. Siku alipoona, alisahau kutia makaa, mvuke ukashuka, na wafumaji wa ghorofa ya pili wakamtukana wasimsaze hata mama yake.

Katika majira yake ya baridi ya mwisho, akiwa na miaka themanini na mmoja, Tong alimwandikia karatasi mbili ndefu za kutundikwa pamoja, herufi saba kila moja. Ya kwanza ilihusu moto chini ya theluji, ya pili ilihusu maji yanayochemka bila kelele. Kwenye herufi ya tano ya karatasi ya pili mkono wa mzee ulitetemeka. Mwingine angeuficha mtetemo ule kwa kuongeza wino. Yeye aliufuata, akashuka nao, mkavu, mkavu zaidi, mpaka burashi ikabaki haina kitu. Kuang aliutazama mstari ule kwa miaka thelathini na minane. Mke alikuja akafa, kiwanda kilifungwa kikageuzwa maduka ya kahawa, naye hakuwa na mali nyingine aliyoogopa kuipoteza.

Kila mwaka, mvua za manyunyu zinazootesha ukungu hata ndani ya viatu zikishakwisha, siku ya sita ya mwezi wa sita, watu wa mji ule walianika nguo na vitabu vyao. Kuang na wenzake wanne walianika maandishi, kivulini, wakaketi kuyatazama. Mtu hakufungua mdomo mbele ya karatasi bila kuufunika kwa leso, mate yasirukie. Chai ilikaa meza nyingine. Hakuna aliyeruhusiwa kusifu mpaka birika la kwanza liishe. Wawili wakafa. Wa tatu akachukuliwa na binti yake kwenda kuishi ghorofa ya ishirini na tatu, asikoweza hata kufungua dirisha. Akabaki Pang Deshui.

Pang alikuwa fundi wa kubandika. Karatasi ya kuandikia ni laini mno, haiwezi kuning'inia peke yake. Fundi huipa mgongo wa karatasi nyingine kwa uji wa unga wa ngano, akaizungushia hariri. Uzuri wa uji ule ni kwamba baada ya miaka hamsini unalowesha, unabandua taratibu, unaweka mgongo mpya, na maandishi yanaanza maisha upya. Zile mbili za Tong alizibandika Pang mwenyewe.

Mwaka wa thelathini na nane mvua zilizidi. Kabla hazijaisha, Kuang aliona mgongo wa zile karatasi umefura malengelenge na ukungu umepanda pembeni. Akaziviringisha, akazipeleka kwa Pang.

"Boila lako bado halijapasuka?" Pang alimpokea mlangoni.

"Linavuja tu. Tazama hizi."

Pang alitazama, kisha akanyoosha mikono yake ikitetemeka kama vyungu kwenye gari bovu. "Kwa mikono hii? Jana nimejimwagia supu mapajani. Ziweke pakavu. Mwanafunzi wangu wa Suzhou anakuja mwezi wa nane, nitakaa pembeni nimtukane mpaka afanye sawa. Zitasubiri. Uji wa ngano una subira kuliko mkeo."

"Mke wangu amekufa, we mzee."

"Si ndiyo nasema! Kashindwa kusubiri."

Walicheka kidogo. Kuang alirudi akaziweka juu ya kabati.

Wiki iliyofuata mwanawe Weiming alikuja kutoka Hangzhou pamoja na mkewe Jiaying, kumletea feni mpya. Katika kutafuta pa kuweka boksi la feni, Weiming aliziona juu ya kabati, akazifungua, akaona malengelenge na ukungu. Alitaka kumfurahisha baba yake. Akaziingiza kwenye gari, na mzee hakugundua kwa siku tisa.

Siku ya sita ya mwezi wa sita Pang aliketi uani kwa Kuang, sahani ya maharage mabichi ya soya yaliyochemshwa na chumvi mbele yake, na Kuang alikuwa amepekua nyumba nzima mara tatu akizitafuta karatasi zake, wakati gari liliposimama nje. Weiming aliingia na bomba la karatasi ngumu kwapani.

"Baba, funga macho!"

"Nikifunga saa hizi nitalala."

Weiming na mkewe wakazinyoosha ukutani, mmoja huku, mwingine kule. Zilikuwa zimenyooka, nyeupe, zinang'aa.

"Dakika arobaini tu dukani, Baba," Jiaying alisema. "Mashine! Inapasha moto, inagandamiza, basi. Na ukungu wameutoa kwa dawa."

Pang alitoa leso akaziba mdomo, akasogea. Alinusa. Kisha akafanya jambo ambalo Kuang hakuwahi kumwona akilifanya: alilowesha kidole kwa ulimi, akagusa pembe kwa nyuma. Mate yalikaa pale juu, duara, kama tone kwenye jani la yungiyungi.

"Plastiki," alisema.

"Ni gundi ya kisasa, Ba'mdogo. Wamesema haibanduki hata miaka mia."

"Naona, mwanangu. Haitabanduka."

Kuang aliinua kidole. Alianza juu ya karatasi ya pili, akashuka herufi moja baada ya nyingine. Zamani, pale mstari mmoja ulipokatiza mwingine, ukingo wa ule wa kwanza ulibaki ukionekana ndani ya wino, ukajua mkono ulianzia wapi. Sasa wote ulikuwa weusi mmoja. Alipofika ya tano, mahali palipokuwa pamefagiwa na burashi kavu palikuwa pamesuguliwa na dawa na kugandamizwa, pakang'aa kama vigae vya choo. Kidole kilisimama. Alisubiri uchungu uje. Haukuja. Alisikia tu feni mpya ikizunguka chumbani.

"Zimependeza," alisema. "Kaeni mle."

Baadaye Pang alimfuata kwenye bomba la maji.

"Mwambie."

"Nimwambie nini?"

"Kwamba kamzika Mwalimu Tong mara ya pili!"

"Kaendesha gari saa mbili na nusu, Pang. Ataniuliza kilichoharibika ni kipi, nimwonyeshe. Nitamwonyesha nini? Cha kumwonyesha ndicho kilichotoka."

"Ungemfundisha alipokuwa mdogo."

"Nilimfundisha. Nilimsimamisha pale pale, kidole juu, kila jioni. Aliposhusha kidole nilimchapa. Siku moja akaniambia, Baba, naona rangi nyeusi tu. Nikamwacha."

Pang aliosha mikono, akaifuta kwenye suruali. Aliondoka kabla birika la pili halijachemka.

Alasiri Weiming alisema nyumba ile ina unyevu, na kwao Hangzhou kuna kiyoyozi, afadhali wazitunze kule.

"Chukueni," Kuang alisema.

"Kweli, Baba?" Jiaying aliuliza. "Huoni vibaya?"

"Macho yenyewe yamechoka."

Mwanafunzi wa Suzhou alikuja mwezi wa nane, hakukuwa na cha kubandua, akanywa chai akaondoka. Pang na Kuang hawakulizungumza tena. Walicheza karata.

Mwaka Mpya Weiming alimchukua baba yake kwa gari. Karatasi zilikuwa zimetundikwa pande mbili za televisheni, na zilikuwa zimebadilishwa upande. Ya kwanza hukaa mkono wa kulia wa mtazamaji. Hilo katika mtaa wao lilijulikana hata na wauza samaki, na mtu aliyekosea alichekwa mpaka sikukuu ya mwaka uliofuata. Hapa ya pili ilikuwa kulia, ya kwanza kushoto.

"Zimekaa sawa, Baba?" Jiaying aliuliza kutoka jikoni.

"Zimekaa sawa."

Walimpa kiti cha mkubwa, kinachotazama mlango, kwa hiyo alikula chakula chote akiwa amezipa mgongo. Alikula samaki, akala keki za mchele, akaomba siki. Weiming alimjazia pombe ya mchele akamtakia miaka mingi, naye akainua kikombe kwa mikono miwili kama inavyotakiwa.

Asubuhi alikataa gari, akasema basi linamtosha. Weiming alikuwa ameshuka kumtafutia teksi. Kuang aliketi kwenye kijibenchi cha mlangoni kuvaa viatu, na kutoka pale zile karatasi zilionekana, moja nzima, nyingine nusu, iliyobaki imezibwa na mlango wa sebule uliofunguliwa. Alizitazama kwa muda ule wa kufunga kamba za kiatu cha kushoto. Kisha akafunga za kulia, na Jiaying akamletea kofia.