Barua ya sifa yamtoa baba jasho

Saa moja kasoro robo asubuhi, mwalimu wa darasa la tatu anawarudisha nje watoto wake sitini na wawili. Ni mara ya tatu.

"Tunaingiaje?"

"Bila kusukumana!"

"Basi nani kanikanyaga kidole?"

Wanacheka, wanajipanga upya. Shule imefunguliwa leo Jumatatu, baada ya likizo ya wiki nne. Kwa mwalimu huyu, wiki ya kwanza ni ya kujifunza upya kupanga foleni, kuomba kifutio na kumsubiri mwenzako amalize kusema.

"Wanarudi kama kuku waliofunguliwa bandani," anasema. "Ukianza kwa kufoka, utafoka mpaka muhula uishe." Baada ya miaka kumi na tisa ya kazi, sauti yake imekauka. Daktari amemwambia aipumzishe.

Safari hii ana mtihani mwingine. Msichana ambaye wenzake wanamwita Kimbunga alifunga muhula uliopita kwa kumng'ata mwenzake. Mwalimu mkuu ameshasema: akipigana kabla ya Ijumaa, anasimamishwa masomo.

Wakati wa mapumziko, mwalimu anamwona Kimbunga amepiga magoti, anamfunga kamba za viatu mtoto wa darasa la kwanza anayelia. Anachukua karatasi. Anaandika: "Leo binti yako amembembeleza mdogo wake wa shuleni. Asante kwa malezi." Anaitia ndani ya bahasha yenye muhuri wa shule, anampa Kimbunga aipeleke nyumbani.

Kesho yake baba mtu, fundi seremala, anafika mbio na vumbi la mbao kichwani. Amemshika binti yake mkono. Bahasha haijafunguliwa.

"Mwalimu, nisamehe. Jana nimemgombeza mpaka nimechoka mwenyewe. Kamng'ata nani tena?"

"Baba, hujaisoma?"

"Barua ya shule niisome ya nini? Habari zake nazijua."

Mwalimu anajishika kichwa. Kwa miaka yote, bahasha hizo zimebeba mashtaka tu. Anamwomba aifungue. Fundi anasoma polepole, anarudia, kisha anachuchumaa mbele ya mtoto.

"Nimekukosea, mama. Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unafoka, baba."

Fundi anacheka, huku anajifuta macho kwa mkono wa shati.

Alhamisi, Kimbunga anasukumwa kwenye foleni ya maji. Anakunja ngumi. Halafu anamkimbilia mwalimu wake: "Mwalimu, nishike huu mkono, unataka kupiga mtu!"

Mwalimu anaushika mpaka unalegea. Ijumaa, mwalimu mkuu anafuta onyo lake.

Likizo ijayo, siku tatu kabla ya shule kufunguliwa, mwalimu anapanga kupita nyumbani kwa watoto bila bahasha yoyote.

"Nitaanzia kwa watundu," anasema. "Na sifa nitaitoa kabla hata sijakaribishwa kiti, mzazi asije akawahi kuuliza kosa."