Zamu Mbili za Mama Nyufa

Wifi yangu tulimwita Mama Nyufa, na jina hilo mimi ndiye niliyelianzisha. Mvua zilipokatika mwaka wa pili mfululizo, alizika kipande cha bomba chenye matundu katikati ya jaruba lake la mpunga, akawa anachungulia ndani yake kama mtu anayetazama chungu jikoni. Maji yakishuka shubiri moja chini ya udongo, ndipo anafungulia mengine. Kabla ya hapo aliacha tope likauke mpaka lipasuke, na sisi tuliozoea mpunga uliosimama majini kutwa kucha tulimcheka.

"Usipoziba ufa utajenga ukuta, Mama Nyufa!"

"Jengeni nyie," alijibu. "Mimi nitavuna."

Alijua alichokuwa akifanya. Mpunga ukiwa mdogo huvumilia kiu, lakini ukichanua bila maji hutoa makapi matupu. Basi alipatana na mgawa maji, mwanamume mpole aliyeshika ufunguo wa lango la mfereji: angeruka zamu yake ya Alhamisi, kisha apewe zamu mbili wiki ya kuchanua. Walipeana mikono mbele yangu, yakaisha.

Kaka yangu, mumewe, alikuwa machimboni akiponda mawe kwa miezi mitatu. Ana mkono mwepesi na sikio zito, tangu utotoni. Alirudi Alhamisi hiyohiyo, saa nne asubuhi, mkewe akiwa amekwenda kuchota maji ya kunywa. Akakuta jaruba limepasuka, vidole vinaingia kwenye nyufa, na maji yanapita mferejini kwenda kwa wengine siku ya zamu yake. Mkulima yeyote wa huku angeona wizi.

"Nani kakata maji yetu?" akaniuliza.

"Hakuna aliyekata, kaka. Mkeo mwenyewe kasema..."

"Mke wangu kasema mpunga wake ufe? Unanifanya mjinga?"

Akaninyang'anya jembe. Nilipaswa kumng'ang'ania. Nilimwita mara moja tu, kisha nikanyamaza, nikidhani atakwenda kutukana na kurudi. Najilaumu mpaka leo.

Hatua chache kutoka nilipobaki, mgawa maji alikuwa ameinama akitoa majani yaliyoziba lango. Hata salamu hakupewa. Pigo la kwanza lilimpata begani. Akageuka, akasema, "Shemeji, ngoja," na la pili likampata kichwani. Nilisikia mfupa ukivunjika. Maji yaliyokwenda kwa majirani yalikuwa mekundu kwa muda. Wanaume wakamkamata kaka, wakampiga kwa mipini na mateke mpaka meno yakamtoka, na polisi wangechelewa kidogo wangemmaliza. Mgawa maji alikufa siku ya tatu.

Wiki mbili baadaye mpunga wa wifi ukaanza kuchanua. Ufunguo alikuwa nao mjane wa mgawa maji, maana hakuna mwanamume aliyethubutu kumwomba autoe. Wifi alikuwa na watoto wanne, ghala tupu na mume mahabusu. Nilimwambia asiende, watamuua. Akaenda, nami nyuma yake.

Mjane alikuwa langoni. Alimsikiliza mpaka aliposikia neno "zamu", akamrukia. Alimpiga makofi, akamvuta nywele, akamwangusha kwenye tope, akashika mnyororo wa lango na kumchapa nao mgongoni na usoni. Nilipotaka kuingilia, wifi alininyooshea mkono nikae mbali. Kujikinga hakujikinga. Mjane alipiga huku analia mpaka pumzi zikamwishia, akakaa chini.

"Umemaliza, dada?" wifi akauliza, damu ikimtoka puani.

"Nimemaliza."

Walikaa hapo, wote wawili wanahema, wala hawakutazamana. Kisha mjane akainuka, akajifuta mikono kwenye kanga, akatia ufunguo kwenye kufuli na kulivuta lango juu.

"Aliniambia una zamu mbili," akasema. "Mume wangu hakuwa mwongo. Hii ni ya kwanza. Ya pili njoo Jumapili, ila usiniamkie."