Kumshitaki Shangazi kwa Heshima

Wakili Mahrous wa mji wa Ibra, Oman, alikuwa na kanuni moja ya kazi, naye alimpa Maen kanuni hiyo siku ya kwanza, kabla hata ya kumwonyesha kiti chake: karatasi ya mahakamani ikifahamika na kila mtu, mteja ana haja gani na wakili?

Maen aliipokea kama wasia wa mzee anayekata roho. Alikuwa ametoka chuoni na shahada ya sheria, na kanzu yake ilinyooshwa mpaka ikakaribia kusimama yenyewe. Mama yake, Badria, alikwisha kuwatangazia jamaa wote, kutoka Nizwa mpaka Sur, kwamba mwanawe ni wakili. Hakuwa wakili. Alikuwa wakili mwanagenzi, maana yake mtu anayebeba mafaili ya wakili na kumtafutia kivuli cha kuegesha gari, mpaka siku wakili huyo atakapotia saini ripoti ya kusema kijana ameijua kazi. Saini hiyo ndiyo aliyoitaka Maen. Bila ya saini ya Mahrous, yote aliyotangaza Badria yalikuwa maneno ya harusini.

Kazi yenyewe ilikuwa ni kuandika hati za madai, kwa Kiarabu kizito cha mahakamani, na Mahrous alimfundisha kwa kalamu nyekundu. Siku moja Maen aliandika: "Mdaiwa alichelewa kuhama." Mahrous aliitazama sentensi ile kama mtu aliyeona nywele kwenye mchuzi.

"Amechelewa? Amechelewa tu?"

"Ndiyo, ustadh. Alikuwa anangoja gari ya kubebea vitu."

"Sikiliza, mwanangu. Barabarani watu huchelewa. Mahakamani watu hukaidi."

Akaifuta, akaandika kwamba mdaiwa, kwa ukaidi uliokithiri na dharau isiyofichika, naye akiwa na akili zake timamu, aliing'ang'ania nyumba ya watu kinyume cha sheria, mila na ubinadamu. Maen alisoma akahisi raha kifuani. Mtu aliyekuwa akingoja gari alikwisha kuwa adui wa ubinadamu, na wino haukumalizika. Hivi ndivyo kijana mwenye adabu anavyofundishwa kusema uongo bila ya kusema uongo: hakuna neno la kumkamatia, ila yote kwa pamoja hayana ukweli ndani yake.

Basi ikatokea siku Khalaf akaingia ofisini. Khalaf alikuwa mtu mzima mwenye shamba kando ya mfereji wa falaj, na mwaka ule alikuwa amepanda miche ya ndimu. Alikaa, akanywa kahawa, akasema shida yake kwa pumzi moja.

"Nataka shangazi yangu aufunge mlango akishapita. Basi."

Shangazi huyo, Bi Ghalia, alikuwa na mitende michache upande wa pili, na kila asubuhi alipita katika shamba la Khalaf kuifikia. Kupita alikuwa na ruhusa. Ila mlango aliuacha wazi, mbuzi wa mtaa wakaingia, na ndimu zikaliwa mpaka shina.

"Umemwambia?" aliuliza Maen.

Khalaf alishtuka. "Nani, mimi? Nimwambie dada wa baba yangu 'funga mlango'? Aliyenilea? Astaghfirullah!"

Khalaf alikuwa mtu wa heshima, na heshima yake haikumruhusu kumkosoa shangazi uso kwa uso. Kwa hivyo, ili asimvunjie heshima, alikuja kumshitaki.

Mahrous alifurahi. Alimpa Maen faili na kumwambia, "Hii yako peke yako. Ikisimama vizuri, natia saini ripoti yako."

Maen aliandika kama hajapata kuandika. Katika rasimu ya kwanza Bi Ghalia alipita shambani. Katika ya pili aliingia bila ya haki. Mahrous akaitia kalamu nyekundu, na katika ya tatu bibi yule alikuwa anavamia, kwa nia mbaya iliyotangulia na uadui ulio dhahiri, akitia hofu katika nyoyo za watu na kuwanyima usingizi. Mwisho wa hati Maen aliomba mlango uzibwe kwa matofali, milele. Ombi la Khalaf, kwamba mlango ufungwe tu, lilidondoka njiani kwa sababu halikuwa na sauti nzuri. Khalaf aliitwa kutia saini. Aliupima unene wa karatasi kwa vidole, akaridhika, akatia.

Shauri lilipelekwa kwanza kwenye kamati ya suluhu, wanakopelekwa watu kujaribu kupatana kabla ya kufika mbele ya hakimu. Siku hiyo Mahrous alikuwa na shughuli Sur, akamtuma Maen na maagizo mafupi: "Kaa pale, tabasamu, kataa suluhu kwa adabu."

Mkuu wa kamati alikuwa Ustadh Bassam, mwalimu mstaafu kutoka vijiji vya Dima wa Tayyin, mtu asiyejua hata neno moja la Kiswahili. Bi Ghalia aliingia polepole, mkono mmoja kwenye goti, mwingine umeshika mfuko wa tende. Mfuko aliuweka mbele ya Khalaf.

"Usizile zote," alimwambia. "Una sukari wewe."

Mdai akampokea mdaiwa tende, akashukuru, akatazama chini.

Ustadh Bassam alimwuliza bibi kama ameyafahamu madai. Bi Ghalia alizaliwa Unguja, akaja Oman mtu mzima. Kiarabu cha sokoni alikijua vizuri, na kwa Kiarabu hicho alijibu kwamba karatasi aliletewa, akaiweka kabatini, kwani ile lugha ya ndani yake inataka mtu aliyeisomea. Mkalimani alikuwa likizo. Ustadh Bassam akauliza nani mwengine anajua Kiswahili. Khalaf alijua, ila wakati ule alikuwa ameshughulika sana na fundo la mfuko wa tende.

Bi Ghalia alimnyooshea Maen kidole. "Huyu si mtoto wa Badria? Mamake nimempaka hina siku ya harusi yake. Atanisomea huyu."

"Lakini yeye ni wa upande wa mdai," alisema Ustadh Bassam. "Nani aliyeiandika?"

"Mimi," alisema Maen.

"Basi hakuna aijuaye zaidi. Msomee."

Maen alisimama. "Shikamoo, Bi Ghalia."

"Marahaba, mwanangu. Soma."

Hapo ndipo Maen alipojua kwamba Kiswahili chake chote kilikuwa cha jikoni kwa mama yake. Kilikuwa na maneno ya kula, ya kuamkia na ya kukaripiwa. Ya kupamba hakikuwa nayo hata moja.

"Anasema... unaingia shamba yake."

"Shamba lake. Naam, naingia. Endelea."

"Anasema unaingia kwa... kwa ubaya. Yaani unaamka asubuhi, na tokea kitandani unamchukia."

"Namchukia nani?"

"Khalaf."

Bi Ghalia aligeuka. "Khalaf, mimi nakuchukia?"

"La, shangazi."

"Haya, mwenyewe kasema la. Endelea."

Jasho lilianza kumtoka Maen ndani ya ile kanzu. Kwenye Kiarabu sentensi zilikwenda kama farasi wa sherehe. Kwa Kiswahili zilikuwa zimesimama uchi mbele ya bibi aliyempaka mama yake hina.

"Anasema unavamia. Yaani unakuja kama... kama jeshi."

"Jeshi! Na goti hili?"

"Anasema watu wanakuogopa, hawalali usiku."

"Mimi sijasema hayo!" alipiga kelele Khalaf. "Nalala mimi! Nalala vizuri!"

"Anasema nini?" aliuliza Ustadh Bassam kwa Kiarabu.

"Anasema analala," alijibu Maen.

Ustadh Bassam aliandika.

"Hebu niambie la mwisho," alisema Bi Ghalia. "Anataka nini?"

Maen alifunua ukurasa wa mwisho. "Anataka mlango uzibwe. Kwa matofali. Usipite tena milele."

Bi Ghalia hakuwa na mzaha tena. Alikunja ncha ya buibui lake, akaikunjua, akaikunja.

"Mlango ule kaufungua babako kwa mkono wake," alimwambia Khalaf taratibu. "Alisema, dada, usizunguke na jua hili, pita kwangu. Mitende ile ndiyo inayonitoa kitandani asubuhi. Ukinizibia, niamkie nini?"

Khalaf alisimama, tende zikamwagika. "Wallahi sikusema uzibwe! Nilisema uufunge, shangazi! Ukishapita! Mbuzi wanaingia, wananilia ndimu!"

"Niufunge?"

"Ndiyo."

"Basi?"

"Basi."

"Na mdomo ulikuwa unakuuma?"

"Nilikuheshimu, shangazi."

"Umeniheshimu mpaka umenishitaki!" Kisha naye akainamisha macho. "Mimi mlango ule siufungi kusudi. Nikiufunga na kuufungua kila siku, watu watasema bibi kajifanya mwenye shamba. Nikauacha kama nilivyoukuta, kwa heshima yako."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Shangazi alimheshimu mpwa, mpwa alimheshimu shangazi, na katika familia yote ile yenye heshima zake walionufaika ni mbuzi. Maen alimfasiria Ustadh Bassam yote, na mzee akavua miwani akafuta macho, pengine kwa kicheko.

"Andika suluhu, kijana," alisema.

Maen aliyakumbuka maagizo ya Mahrous. Alimtazama Khalaf, aliyekuwa akiokota tende sakafuni. "Niandike?"

"Andika, na leo andika nilichosema."

Maen akaandika kwamba Bi Ghalia atapita katika shamba la Khalaf kwenda kwenye mitende yake kama apitavyo siku zote, na akishapita ataufunga mlango. Akamsomea kwa Kiswahili, na safari hii hakukwama popote.

"Hiyo nimeifahamu," alisema Bi Ghalia. "Kumbe unajua kuandika. Ile ya kwanza ulikuwa unaumwa?"

Mahrous aliporudi kutoka Sur aliishika karatasi ile kwa ncha za vidole. "Hii nini? Tangazo la kuuza mbuzi lina maneno mengi kuliko haya." Kisha akalainisha sauti. "Bado tunaweza kuipinga. Andika kwamba mteja alighafilika, alishikwa na huruma. Lete kesho, na mimi natia saini ripoti yako hapo hapo."

Maen alimfikiria mama yake, na jamaa wote kutoka Nizwa mpaka Sur.

"Mteja hakuomba hilo, ustadh."

"Mteja hajui anachotaka. Ndiyo maana anakuja kwetu."

"Huyu alijua. Alikisema kwa pumzi moja, sisi tukakipoteza. Sitaandika."

Ripoti ilitoka wiki ile ile, ukurasa mzima na nusu ya mwengine. Maen alirudi nayo nyumbani. Badria alikuwa akikaanga samaki. Aliuona muhuri wake, akafuta mikono haraka.

"Nisomee, mwanangu. Anasemaje?"

"Anasema bado sijui kuandika. Nimeongezewa miezi ya kujifunza."

"Karatasi yote hiyo?"

"Karatasi yote hiyo, mama."

Badria aliitazama nyuma na mbele, kama anayetafuta maneno mengine yaliyofichwa. "Na kilichobakia hapa ni nini?"

"Kalamu ya Mahrous."

Badria akarudi kwenye samaki wake. Alikuwa na kazi kubwa mbele yake, ya kuwapigia simu jamaa wote na kumrudisha mwanawe mahali alipokuwa kabla ya yeye kumpandisha cheo.

Maen bado yuko kwa Mahrous. Kila hati humsimulia mama yake kwanza, jikoni, kwa Kiswahili, na neno linalomtia haya mbele yake hulifuta. Mahrous hulirudisha kwa wino mwekundu. Maen hulifuta tena, na saini bado haijapatikana.

Ndimu za Khalaf zimechipua. Kila asubuhi Bi Ghalia hupita kwenda kwenye mitende yake, na akishapita huufunga mlango kwa kishindo kinachosikika mpaka ng'ambo ya falaj, ili mpwa wake ajue kwamba anaheshimiwa.