Barua ya Dereva wa Greda

Shangazi yangu alitunza mafaili ya idara ya barabara kwa miaka thelathini na moja. Wenzake walimwita Kabati, maana kilichoingia kwake hakikutoka. Hata mimi, mtoto wa kaka yake, nikimwuliza umri wake alinijibu, "Andika maombi."

Sheria mpya ilipompa kila mwananchi haki ya kuona nyaraka za serikali, alinuna wiki nzima. Mwombaji wa kwanza alikuwa fundi cherehani, mpole, vipande vya uzi vimemganda begani. Baba yake, dereva wa greda, alifukuzwa kwa wizi wa dizeli, akafa na aibu yake. Sasa mama yake alikuwa hoi kitandani, na alitaka jambo moja tu: kujua kama aliolewa na mwizi.

"Njoo kesho, fundi," shangazi alimwambia.

Alitafuta kwa jina, akatafuta kwa mwaka, wapi. Ndipo akakumbuka kwamba zamani karatasi za madereva ziliwekwa chini ya namba ya mtambo. Akazikuta kwenye faili la greda, katikati ya ripoti za matairi. Barua ilisema uchunguzi umeona dereva hana hatia, arudi kazini. Nyuma yake ilikuwepo barua hiyohiyo tena. Kwa kawaida nakala hubaki kwenye faili, na barua yenyewe hutumwa kwa mhusika. Zote mbili zilikuwa pale, na namba za kalamu nyekundu pembeni zilikuwa mwandiko wake mwenyewe, wa mwaka wake wa kwanza kazini.

Kuchomoa karatasi moja ni kazi ya sekunde, na nani angejua? Alikaa nazo mapajani mpaka chai yake ikapoa. Nampenda shangazi yangu kwa mengi, lakini kwa chai ile nampenda zaidi.

Kesho yake alifuatana na fundi mpaka nyumbani, akapiga magoti kando ya kitanda.

"Mama, hii ni barua ya mume wako. Mimi ndiye niliyetakiwa kuituma, nikaifungia ndani. Nisamehe."

Mgonjwa aliomba asomewe mara mbili. Kisha akamshika shangazi mkono.

"Kila Ijumaa alikwenda posta kuiulizia," alisema. "Nikamwambia aache kujidanganya. Basi tumemkosea wawili, mwanangu. Kaa hapa na mimi."