Kuwasomea Ndege wa Tindiga

Nikifumba macho, hadi leo naisikia asubuhi ile ya Tindiga: ukungu umelala juu ya mpunga, na ndani yake sauti za watoto zinasoma, kila moja kutoka kwenye dungu lake, kana kwamba shamba lenyewe limejifunza kuongea.

Ilikuwa enzi za Ujamaa. Mpunga ulipotoa masuke, shule ilibaki na walimu na madawati tu, maana wanafunzi wote tulikuwa juu ya madungu, vile vichanja vya miti vya kuamia ndege wasile mpunga. Mwalimu mkuu wetu, mtu mbishi kupindukia, hakukubali. Alivifumua vitabu vichache tulivyokuwa navyo, akashona kila sura peke yake kwa uzi wa gunia, akatugawia mashambani. Sharti lilikuwa moja: tusome kwa kupiga kelele. Ndege wataogopa, na sisi tutajua kusoma.

Wazazi walicheka, wakakubali. Jua likipanda tulibadilishana sura na dungu la jirani, kwa hiyo wapo waliojua mwisho wa hadithi kabla ya mwanzo wake. Sura zilizopotelea matopeni tuliziandika wenyewe. Mimi niliandika ya harusi, nikawalisha wageni pilau ukurasa baada ya ukurasa, mpaka mwalimu akaniuliza kama nilikuwa na njaa. Nilikuwa nayo.

Tatizo ni kwamba tulizoea. Hadithi ikinoga, mtu hapigi kelele. Midomo inacheza tu, halafu hata midomo inatulia. Siku moja bonde zima likanyamaza, shule nzima imezama kwenye kurasa. Ulikuwa ukimya mtamu ajabu, ningeweza kulala ndani yake. Nilipoinua macho, masuke ya nusu ya shamba la mjomba yalikuwa yamesimama wima, mepesi, hayana punje.

Kwetu, kaka wa mama ndiye mwenye kauli juu ya watoto wa dada yake. Mjomba alikuja na fimbo, hakuitumia. Afadhali angeitumia.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba." Aliutazama mpunga kwa muda mrefu. "Kitabu mrudishie mwalimu wako. Shule basi. Kesho unashika jembe."

Sijawahi kulia kama siku ile. Jioni mwalimu mkuu alikuja kuniombea, na mjomba akamjibu kwa adabu zote: "Mwalimu, watoto wako wamesoma, ndege wameshiba. Mimi nitakula nini?"

Mwalimu hakubishana, na huo ulikuwa muujiza. Alitoa karatasi mfukoni, akampa. "Hii ameiandika mtoto wako mwenyewe. Wewe kwenye kisomo cha watu wazima umeshafika kwenye maneno marefu. Jaribu." Akaaga, akaenda zake.

Asubuhi nilishuka shambani na jembe begani, moyo mzito. Ukungu ulikuwa mzito vilevile. Kutoka dungu letu ilisikika sauti nene, inajikongoja, inapasua bonde:

"Wa! Ge! Ni! Wa! Ka! Le! Te! Wa! Pi! La! U!"

Ndege waliruka mpaka upande wa pili wa mto. Mjomba alikuwa ameketi juu, karatasi ameishika kwa mikono miwili, jasho linamtoka. Hakuna ndege angethubutu kutua karibu na msomaji wa namna ile.

Nilisimama chini nikimsikiliza akiwalisha wageni wangu wote, mmoja mmoja. Alipofika mwisho aliigeuza karatasi, nyuma hakukuwa na kitu.

"Bibi harusi mwenyewe amekula?"

"Sijafika hapo, mjomba."

Kisha akashuka, akalitoa jembe begani mwangu, akaliegemeza kwenye mti wa dungu.

"Nenda shule ukamalizie," alisema. "Ndege nitawafukuza mimi."

Nilikimbia, umande ukinilowesha hadi magotini. Nyuma yangu alikuwa ameanza upya, tangu wageni.