Filta ya Gari la Mzee Salimu

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa beseni la mafuta ya taa nikaambiwa nifue karatasi. Ilikuwa karakana ya chama cha ushirika hapa Kyela, iliyotunza malori ya mpunga na kakao, na karatasi zenyewe zilikuwa filta za oili zilizokwisha kazi yake. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba tu. Fundi Mkuu, mtu mrefu asiyepaza sauti, alinionyesha jinsi ya kuzitikisa bila kuzichana.

"Filta hii inatakiwa itupwe," alisema. "Sasa ukiitupa, utaweka nini?"

Nikafua.

Ndivyo tulivyofanya kazi miaka ya uhaba. Hata sili hazikupatikana, yaani zile pete za mpira zinazozuia oili isivuje pale filta inapokutana na injini. Tulizikata wenyewe kwa wembe kutoka tyubu kuukuu za malori. Mimi nilikuwa na mkono mzuri kwa hilo, na Fundi Mkuu alisema sili zangu zinakaa kuliko za kiwandani. Nilijivunia.

Gari lililonifundisha filta kuliko yote halikuwa lori. Lilikuwa gari la michezo la Kiingereza, la viti viwili, paa lake turubai, lililoundwa kabla sijaanza shule. Mzee Salimu, muuza vitambaa wa Bondeni ambaye babu zake walitoka pwani, alilinunua kwa meneja wa shamba la chai kule Tukuyu aliyekuwa akirudi kwao Ulaya. Watu walimcheka kwa sababu lilikuwa chini kama sahani, na kwenye njia ya Matema lilikwama mchangani kwa tumbo. Yeye alijibu, "Ninyi mnapanda magari. Mimi langu nalivaa."

Filta yake ilikaa ubavuni mwa injini, ndani ya kopo la chuma lililoshikwa na bolti moja ndefu iliyopita katikati. Ukifungua bolti, kopo linashuka na oili inakumwagikia mpaka kwapani. Ndani kuna springi, wosha, kisahani, kisha karatasi. Ukikosea mpangilio, oili inapita pembeni bila kuchujwa na dereva hajui lolote. Juu, kwenye injini yenyewe, kuna mfereji mwembamba wa duara ambamo sili inakaa. Mfereji huo huuoni, unaupapasa kwa ncha ya kidole. Fundi Mkuu alikuwa na sheria: kopo halirudi mpaka sili ya zamani iwe mezani.

Kisha ikaja ruksa ya biashara. Ushirika ulidhoofika, karakana ikafungwa, Fundi Mkuu akafungua gereji yake Bondeni na kunichukua. Filta zikajaa madukani, nyingine zikiingia kupitia mpakani Kasumulu kutoka Malawi. Zamani taabu ilikuwa kupata, sasa ikawa kuchagua. Filta za magari mapya, zile za kopo zima, zilifanana nje, lakini nyingine ndani hazikuwa na valvu ya mpira inayozuia oili isirudi chini gari likizimwa. Nilipuliza kwenye matundu ya pembeni, kisha nikavuta. Pumzi ikirudi, valvu hakuna. Kwa gari la Mzee Salimu nilipima urefu wa karatasi kwa ile ya zamani, maana iliyopungua hata unene wa kucha huiachia oili njia.

Mke wangu, Tupokigwe, alifariki msimu mmoja wa kuvuna mpunga. Siku ya tano baada ya mazishi nilirudi gereji.

"Ambokile, nenda nyumbani," Fundi Mkuu aliniambia. "Watu bado wamekaa kwako."

"Nipe kazi, Fundi."

"Kazi ipo siku zote."

"Nipe."

Akanipa gari la Mzee Salimu. Alikuwa anasafiri siku hiyohiyo na mkewe, Bi Mwanaidi, na walikuwa bado wakibishana waanzie wapi, kwa mjukuu mpya Tukuyu au kwa dada yake Bi Mwanaidi kule Kasumulu.

Nilishusha kopo, nikasafisha, nikaweka karatasi mpya. Sili mpya ilikuwa ya dukani, laini. Nilipapasa mfereji nikakuta ni mgumu kama chuma, nikadhani ni injini. Haikuwa injini. Ilikuwa sili yangu mwenyewe ya tyubu, niliyoikata zamani, imeokwa na joto hadi ikawa nyeusi na ngumu. Nikaweka sili juu ya sili. Nikawasha, mshale wa presha ya oili ukapanda, hapakuwa na tone. Wakaondoka.

Nilipoanza kusafisha meza niliona karatasi ya zamani na wosha kuukuu ya shaba. Sili haikuwapo. Nilizamisha mkono kwenye beseni la oili chafu mpaka kiwiko. Hakuna.

Sili mbili hushika injini ikienda taratibu. Dereva akikanyaga, presha inapanda, sili mpya inateleza na oili yote inatemwa kwa dakika chache. Hapo chuma kinasaga chuma. Na injini ile, ikifa, hatukujua pa kupata nyingine.

Nilinawa mikono. Naandika hili kwa sababu ni kweli: niliinawa mara mbili, nikiwaza kwamba huenda itashika, huenda hakuna atakayejua. Kisha nikamwendea Fundi Mkuu.

"Fundi, sili ya zamani sijaiona."

"Kwenye beseni?"

"Nimetafuta."

Akaweka kikombe chini. "Wamekwenda wapi?"

"Tukuyu au Kasumulu. Sijui."

Nilipakia dumu la oili, beseni na spana kwenye pikapu. Fundi Mkuu alishika usukani.

"Tutamwambia una msiba," alisema. "Ataelewa."

"Msiba haukufunga ile bolti, Fundi. Nimeifunga mimi."

"Basi nyamaza niendeshe."

Kwenye njia panda, ambapo barabara moja inakwenda mpakani na nyingine inapanda Tukuyu, kulikuwa na doa la oili kubwa kama sinia. Niligusa. Ilikuwa ya moto.

"Mnatafuta kile kigari?" aliuliza mama muuza ndizi. "Wamegombana hapa mpaka bibi akashinda. Wamepanda."

"Ndaga, mama," Fundi Mkuu alimshukuru, akageuza usukani.

Mlimani matone yaligeuka mstari, na mstari ukazidi kunenepa. Sikuweza kutazama mbele, nilitazama lami tu. Tulipokata kona tuliliona. Limesimama pembeni, limezimwa, na Mzee Salimu amesimama kando yake ameinamisha kichwa. Msafara wa msiba ulikuwa unateremka, jeneza begani, akina mama wakiimba. Alikuwa amesimama kuupisha.

Tulisimama nasi, tukashuka. Msafara ulijaza barabara yote kati yetu na lile gari. Ulimpita Mzee Salimu kwanza, kwa kuwa alikuwa juu yetu. Mtu wa mwisho alipompita, jeneza lilikuwa ndiyo kwanza linafika usawa wetu. Nikamwona anafungua mlango, anakaa, mkono unakwenda kwenye ufunguo.

Sikuwa nimewahi kukatiza msafara wa msiba, na kwetu hilo halifanyiki. Nilikimbia katikati ya wale watu, nikiwasukuma, nikipiga kelele, "Mzee, usiwashe! Usiwashe!"

Wimbo ulikatika. Mzee mmoja mwenye koti jeusi alinishika shati. "Wewe, huna wazazi?" Nilimponyoka.

Mzee Salimu alikuwa amegeuza kichwa. Ufunguo ulikuwa mkononi, haujazungushwa. Chini ya gari oili ilikuwa imetengeneza kidimbwi. Nilichomoa kijiti cha kupimia, kikatoka kikavu.

Fundi Mkuu alifika akihema, akafungua mdomo. Nikamtangulia.

"Mzee, nimefunga sili juu ya sili. Kosa ni langu."

Mzee Salimu alinitazama. "Juzi nilikuwa kwako matangani."

"Ndiyo, Mzee."

"Na bado unasema kosa ni lako."

"Ndiyo."

"Mwache afanye kazi, Salimu," Bi Mwanaidi alisema. "Mawaidha tusubiri Ijumaa." Akachomoa pini kwenye ushungi wake akanipa. "Jaribu hii, mwanangu. Usijichome."

Kwa pini ile niliing'oa sili yangu ya tyubu. Ilitoka vipandevipande. Nilivipanga juu ya boneti kwa duara, kimoja baada ya kingine, mpaka duara likafunga. Hapo tu Fundi Mkuu akasema, "Funga."

Tulijaza oili. Nilizungusha injini kwa stata bila kuiacha iwake. Mshale ulilala. Nikazungusha tena, ukalala. Mara ya tatu ukatikisika, ukainuka. Tukaiwasha. Fundi Mkuu aliweka sikio kwenye mpini wa bisibisi, ncha yake kwenye injini, akasikiliza muda mrefu.

"Haigongi," alisema.

"Mama Rukia, shuka," Mzee Salimu alimwambia mkewe. "Panda pikapu na Fundi. Ambokile atakaa hapa atazame mshale mpaka Tukuyu."

"Nimekuzalia watoto saba," Bi Mwanaidi alisema akishuka, "leo nimeachwa kwa ajili ya filta."

Nilitazama mshale mpaka Tukuyu. Haukushuka.

Sasa nimestaafu, na ncha za vidole vyangu hazipapasi vizuri. Fundi Mkuu na Mzee Salimu wametangulia. Kuhusu filta nimeeleza ninachokijua, na vijana wana magari mengine. Kinachonirudia ni wale watu niliowakatizia msafara.

Kesho yake, baada ya safari ile ya Tukuyu, niliulizia nyumba yao nikaenda kuomba radhi. Yule mzee wa koti jeusi alikuwa ameketi uani na wanaume wengine. Nilimweleza yote, sili, injini, na kwamba nami nina msiba nyumbani. Alisogea kwenye mkeka, akanipa nafasi. Kwangu sikuwa nimelia, kulikuwa na wageni wa kupokea na kuni za kutafuta. Nilimlilia Tupokigwe pale, kwa watu nisiojua hata marehemu wao alikuwa nani, nikakaa nao mpaka jioni.